Naomba ushauri: mama anasahau sana, je korosho na karanga zitamsaidia?

Wakuu habari. Mama yangu amevuka miaka 70, ana presha, na siku hizi anauliza jambo lile lile hata mara tatu kabla chai haijapoa. Dada yangu anashikilia apewe korosho na karanga kila siku, eti ni chakula cha ubongo.

Nimesomasoma. Utafiti wa PREDIMED wa Hispania, majibu ya 2015, ulionyesha wazee waliokula gramu 30 hivi za jozi (walnut), lozi (almond) na njugu nyingine kwa siku, pamoja na mboga na samaki, walifanya vizuri kwenye vipimo vya kumbukumbu. Ila ule wa jozi wa Barcelona na California, 2020, kwa jumla haukuona tofauti ya maana baada ya miaka miwili. Na wote hao walianza kumbukumbu zao zikiwa bado sawa, si kama mama.

Sasa, jozi bei yake mnaijua. Karanga zetu zinatosha? Za chumvi sitaki, za ukungu naogopa sumukuvu. Meno yamebaki machache, nimsagie kwenye mchicha? Au nianze hospitali, apimwe vitamini B12 na tezi ya shingo? Aliyeuguza mzazi wa hivi, alianzia wapi?