Kiangazi cha Juni kinakuja Kabale: nyoka mla koa atakula nini?

Kigezi_Bustani (6 Mei)

Habari za jioni, wafugaji. Naomba msaada kabla mvua hazijakatika.

Nyoka ni jike la mla koa, jamii ya Duberria. Urefu wake sentimita 34, uzito gramu 11 akiwa na tumbo tupu. Anakaa kwenye boksi la plastiki lenye udongo na majani makavu, ndani ya nyumba, hapa Kabale mjini. Kwa sasa chakula si tatizo: kila wiki anapata koa watatu au wanne, wale konokono wadogo wa kijivu wasio na gamba, wanaookotwa chini ya mawe kando ya mfereji. Nyungunyungu hataki, panzi hataki, samaki aliyesagwa hata hamnusi.

Juni mpaka Agosti matuta yote hukauka na koa wanazama ardhini. Usiku nao ni baridi, kipimajoto cha chumbani kinashuka hadi 13. Nauliza: kiangazi koa wanapatikana wapi? Wanawekeka? Na kurasa za Ulaya zinasema nyoka apoozwe na aachwe bila chakula majira yote ya baridi. Hilo linatuhusu sisi?

MzeeWaMitego

Ndugu, koa hawatoweki kiangazi, wanahama tu. Acha matuta ya juu, shuka bondeni. Tafuta pembeni mwa vinamasi, kwenye kingo za mifereji inayotiririka mwaka mzima, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, chini ya bomba linalovuja. Palipo na majani mabichi yanayooza na udongo usiokauka, koa wapo. Nenda saa tatu usiku na tochi, au alfajiri kabla jua halijagusa umande. Mchana utageuza mawe mpaka uchoke.

Mtego ulio rahisi kuliko yote ni shina la mgomba. Chukua mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, kata kipande cha sentimita 40, kipasue katikati kwa urefu, kisha vilaze vipande viwili upande wa ndani ukigusa udongo. Mwaga maji nusu jagi juu na kuzunguka. Funua asubuhi ya pili. Utawakuta wamejibandika kwenye vile vijumba vya maji vya shina, kama wamegundishwa. Shina linafaa kwa siku tano hivi, baadaye linaoza na kuvuta fukusi na siafu, libadilishe. Siafu wakiingia, hamisha mtego kabisa, kwa sababu hawaachi koa hata mmoja.

Ukitaka kuwavuta zaidi, weka chini ya shina kifuniko cha chupa chenye bushera (kinywaji cha mtama) iliyochacha. Harufu ya chachu inawaita. Ila funika kifuniko hicho kwa kipande cha chandarua kilichobanwa vizuri, la sivyo wataingia na kufa maji, na koa aliyekufa hana kazi kwako.

Usiokote kwenye shamba la kabichi au viazi la mtu usiyemjua. Mashamba hayo hupigwa dawa mara kwa mara.

Nalongo_wa_Masaka

Mzee kasema vizuri, na hapo pa dawa ningepiga mstari mara mbili. Kuna chembe za kuua konokono, nyingi zina rangi ya buluu, zenye metaldehaidi. Koa aliyezila hafi papo hapo. Anatoa ute mwingi kupita kiasi, anajikunja, analala ubavu na kuacha kutambaa. Ukimwona wa namna hiyo usimpe nyoka, na wote uliookota naye siku hiyo wasitumike.

Ndiyo maana koa wa porini haendi moja kwa moja kwa nyoka. Akae kwanza siku kumi kwenye kopo lenye tishu iliyoloana na vipande vya karoti. Karoti ina faida moja nzuri: kinyesi kinakuwa cha rangi ya chungwa, hivyo unaona kwa macho yako kwamba kile alichokula shambani kimekwisha kutoka. Badilisha tishu kila siku ya pili. Dhaifu watakufa humo humo kwenye kopo, na hiyo ndiyo kazi ya zile siku kumi. Siku kumi haziui minyoo, lakini. Koa wanaweza kubeba minyoo midogo inayomdhuru hata binadamu, kwa hiyo shika kwa kijiko au vaa glavu, nawa kwa sabuni, na kopo lisikae karibu na vyombo vya kulia.

Sasa kuhusu kuwaweka. Kwa hesabu yako, koa wanne kwa wiki, wiki kumi na mbili, ni 48. Ongeza theluthi kwa ajili ya watakaokufa, lenga 65. Idadi hiyo usitegemee kuiokota Julai. Nusu uiokote sasa wakati mvua ipo, nusu uizalishe.

Wa kuhifadhi wanakaa kwenye droo ya chini ya friji, ile ya mboga, nyuzi 6 hadi 8, ndani ya kopo lenye matundu madogo na tishu nyevu isiyochuruzika. Wanalala, wanakula kidogo sana, na wanadumu wiki tatu hivi. Wape kipande cha tango au karoti kila wiki na uwape hewa dakika chache. Kama huna friji, au umeme unakatika sana, tumia mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, mchanga uliolowa katikati, gunia bichi juu, uweke sakafuni upande usiopata jua. Kwa baridi ya Kabale chungu hicho kinatosha. Hawatalala kabisa kama kwenye friji, kwa hiyo watakula zaidi na utasafisha zaidi.

Wa kuzalisha wanataka ndoo ya lita kumi yenye mfuniko. Kata dirisha la ukubwa wa kiganja kwenye mfuniko, ulizibe kwa soksi ndefu ya nailoni iliyokunjwa mara mbili. Usitumie chandarua cha kawaida, vitoto vya koa vinapita. Chukua udongo mweusi kutoka kichakani pasipopigwa dawa, uupashe kwenye sufuria yenye mfuniko nusu saa ukiugeuza, mpaka mvuke utoke kila upande. Hapo unaua minyoo, mayai ya mende wa ardhini na wale wadudu weupe wadogo wanaokimbia juu ya mgongo wa koa. Uache upoe kabisa, mwaga kina cha sentimita sita. Kipimo cha maji: finya konzi moja, ushikamane lakini usitoe tone.

Weka vigae vinne au vitano vya chungu kilichovunjika, halafu koa wakubwa kumi na wawili, basi. Chakula ni majani ya kabichi (tupa yale ya nje), karoti, kiazi kilichokatwa, na ncha ya kijiko ya chakula cha kuku mara mbili kwa wiki. Ganda la yai lililosagwa liwepo muda wote. Mayai utayaona chini ya vigae, mafungu ya vishanga vinavyong'aa kama matone ya maji, pengine kumi, pengine thelathini. Yachote kwa kijiko pamoja na udongo wake, uyahamishie kopo jingine lenye tishu nyevu. Kwa nyuzi 18 hadi 20 yanaanguliwa baada ya wiki tatu hivi. Kukiwa na baridi zaidi yanachelewa hata zaidi ya mwezi. Kisha miezi miwili mpaka mtoto awe wa kuliwa.

Ndoo nyingi hufa kwa maji mengi. Ukifungua ukakuta harufu ya uvundo na koa wote wamepanda mfunikoni, udongo umekosa hewa. Usiongeze chakula wala usinyunyize. Toa nusu ya udongo, weka mkavu, acha mfuniko wazi nusu saa huku umekaa hapo hapo unawaangalia. Kosa la pili ni kuacha chakula cha kuku kikaota ukungu.

Kijana_FortPortal

Nalongo, je, akiwagandisha kwenye friza? Anaokota mia mwezi huu, anatoa wanne kila wiki. Au anampaka samaki ute wa koa ili nyoka adanganyike?

Nalongo_wa_Masaka

Kuganda kunapasua mwili wa koa. Akiyeyuka anabaki uji, ute wote umemwagika, na nyoka huyu anamfuata koa kwa njia ya ute na kumshika akiwa mzima. Weka kumi tu friza kama akiba ya mwisho kabisa. Siku ya kuwatumia, yeyusha ndani ya friji, kausha juu kwa tishu, kisha mpitishe koa hai kwenye kisahani aache njia ya ute mbichi mpaka kwa yule aliyeyeyushwa. Wapo watakaokubali, wapo watakaokataa.

Samaki hapana, mwanangu. Hata akidanganyika akammeza, huyu amezoea mwili laini usio na mifupa. Afadhali konokono wadogo wenye gamba jembamba, wasiozidi ukubwa wa punje ya hindi. Anaingiza taya na kumvuta nje, gamba linabaki. Wale konokono wakubwa wa bustanini achana nao, hata watoto wao kama gamba limeshakuwa gumu.

Daktari_Mifugo_Mbarara

Nianze na lile la Ulaya. Huko siku zinafupika na baridi inadumu miezi, na nyoka wa huko mwili wake unajua hivyo. Kabale iko karibu na ikweta, mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Nyoka wako hana majira ya kulala. Ukimpooza kwa makusudi akiwa na chakula tumboni, mmeng'enyo unasimama, koa anaoza humo ndani, na siku ya pili au ya tatu anatapika kitu chenye harufu mbaya. Akitapika usimlishe tena kesho yake. Mpe maji, mpe joto, subiri siku kumi, uanze na koa mmoja mdogo.

Shida yako kubwa basi ni zile nyuzi 13 za usiku. Mchana upande mmoja wa boksi ufike 23 au 24, usiku usishuke chini ya 16 kwa saa 48 baada ya kula. Mlishe asubuhi saa nne, apate jioni yote yenye joto. Jioni jaza jerikeni ya lita tano maji ya moto, ifunge blanketi, uiegemeze nje ya boksi upande mmoja tu, ili akisikia joto limezidi asogee. Usiweke sigiri ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa: moshi usioonekana utamuua yeye na wewe.

Kukosa chakula si dharura kama unavyodhani. Nyoka aliyekomaa mwenye afya anavumilia wiki tatu hata nne, mradi bakuli la maji lipo na udongo una unyevu upande mmoja. Kiu inaua mapema kuliko njaa, na koa ndio sehemu kubwa ya maji yake, kwa hiyo wiki asipokula nyunyiza boksi zaidi. Mpime kila Jumapili kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kutoka 11 akishuka chini ya 9.9, yaani asilimia kumi, ndipo uanze kuhangaika. Kama ana mimba (hawa huzaa watoto hai, hawatagi) usimfungishe hata kidogo.

Weka koa kwenye kisahani au kigae, si juu ya udongo mkavu. Ule ute unanata, na udongo ukiingia mdomoni unaleta vidonda. Utamwona akimaliza anasugua mashavu kwenye jani au kuni, huku na huku. Anajifuta tu, si ugonjwa. Mwekee kipande cha gome kwa kazi hiyo.

Mawili mengine, na naomba yasichukuliwe kirahisi. Je, umehakikisha ni Duberria? Kwenye nyanda za juu kuna nyoka mdogo mweusi wa chini ya ardhi, Atractaspis, ambaye chonge zake zinatoka pembeni hata mdomo ukiwa umefungwa. Hashikiki shingoni kwa usalama, na dawa za sumu ya nyoka tulizo nazo hazimhusu. Kula koa ni dalili nzuri, lakini piga picha ya kichwa na ya tumbo kupitia plastiki, uwapelekee wataalamu wa nyoka wa Entebbe. Pili, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019 mnyama wa porini hafugwi bila kibali cha UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Asiye na kibali, dawa ya kiangazi ni kuwaona UWA, si kutafuta koa.

Kigezi_Bustani (8 Mei)

Asanteni sana, Mzee, Nalongo na daktari. Kibali kipo, ni cha kufundishia, na picha zilishathibitishwa: Duberria.

Mitego mitatu ya mgomba imetoa koa 19 kwa usiku mbili, wote wako kwenye karoti sasa. Ndoo iko tayari. Swali moja tu: leo ni tarehe 8 Mei. Nikianza kuzalisha sasa sijachelewa?

Nalongo_wa_Masaka

Umechelewa kwa Juni, hujachelewa kwa Agosti. Mayai uyapate katikati ya mwezi huu, yaanguliwe katikati ya Juni, waliwe kuanzia katikati ya Agosti. Pengo lako ni wiki tisa au kumi, yaani koa 40. Kwa hiyo endelea na mitego mpaka mwisho wa Mei. Walio wakubwa zaidi kumi na wawili waende kwenye ndoo, wanene na wenye mgongo usio na alama, hata kama roho inakuuma kuwanyima nyoka. Wanaobaki, friji. Zile wiki tatu zikiisha kabla hujawamaliza, watoe siku mbili kwenye joto la chumba wale washibe, waondoe waliokufa, kisha warudishe.

Na mwezi Julai shusha kutoka wanne hadi watatu kwa wiki. Mizani ya Jumapili ndiyo itakuambia kama watatu wanamtosha.

MzeeWaMitego

Na mtego mmoja uache pale bomba linapovuja, ndugu, umwagilie kila jioni hata Julai. Utapata wawili watatu kwa wiki.