Wakuu, wikiendi hii nahama nyumba, nina harusi Ukerewe, na mke ana mimba ya kwanza. Naomba ushauri

Kasia Moja (mleta uzi), Alhamisi saa 1:12 jioni

Habari za jioni wakuu. Tunaishi Igoma hapa Mwanza, mimi na mke wangu, na tunategemea mtoto wetu wa kwanza. Sasa mambo yote yameangukia wikiendi moja. Kodi inaisha na mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine, kwa hiyo Jumamosi lazima vitu vitoke viende Buhongwa, nimepata vyumba viwili na choo ndani. Mchana wake tunatakiwa tuwe kwenye meli ya Nansio maana Jumapili mdogo wangu anaoa, na mweka hazina wa kamati ni mimi. Hela ya keki, ya muziki, ya ng'ombe, yote iko kwenye simu yangu. Vifaa vya kujifungulia bado sijanunua, na kitanda cha mtoto fundi wa Mabatini ananizungusha tu.

Swali langu ni dogo. Nihamishe vitu Ijumaa usiku au Jumamosi alfajiri? Na kirikuu kimoja kitatosha au nichukue Fuso? Mke yuko wiki ya 36, mzima wa afya. Matusi hapana tafadhali.

Dalali wa Nyakato

Ijumaa usiku usithubutu. Mtu anayehamisha godoro saa nne za usiku Igoma, sungusungu wanajua amekimbia kodi. Utakaa barabarani na kabati lako mpaka mjumbe aamshwe. Jumamosi alfajiri, kirikuu safari mbili. Fuso la nini, unahama na kiwanda? Ukikwama na hiyo ya Buhongwa nina nyingine Nyakato, ina fensi na maji hayakatiki, njoo PM.

Furu Mkavu

Mweka hazina anahama nyumba wikiendi ya harusi. Mimi ningekuwa mwenyekiti wa kamati nisingelala.

Mama Kulwa na Doto

Furu acha utani, mtoto wa watu ana mawazo. Mdogo wangu, vifaa nunua KESHO. Glovu, makintoshi, pamba, nyembe, vibanio vya kitovu, na khanga nyingi, usije na khanga mbili kama nilivyokwenda mimi. Mimi nilijiandaa kwa mtoto mmoja. Nesi ananiambia mama sukuma tena, nikamwambia nisukume nini tena na mtoto analia pale? Doto alifungwa kwenye shati la baba yake, baba mtu akarudi nyumbani kifua wazi na koti. Hadi leo kila Krismasi anaikumbushia hiyo shati.

Nesi Mstaafu

Hongereni. Kabla ya kirikuu naomba kujua mambo mawili. Kliniki ya mwisho presha yake ilisoma ngapi? Na uso au vidole vya mikono vimevimba?

Kasia Moja (mleta uzi)

Asante Dalali, nachukua hilo la safari mbili. Mama Kulwa, vifaa nitanunua kesho jioni. Nesi, kliniki anahudhuria vizuri tu. Sasa swali la pili, jokofu linaruhusiwa kulazwa au lazima lisimame?

Mzee wa Kirumba

Jokofu lisimame. Ukililaza usiliwashe siku hiyo.

Ila mimi nimeshtuka hapo kwenye meli. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa kijana wa kubeba mizigo bandarini. MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa na kufika, watu wameshaanza kutafuta viatu vyao. Ndugu zetu tuliwapanga uwanjani kutambuliwa. Halafu 20 Septemba 2018 ikaja MV Nyerere pale Ukara, nayo inakaribia gati la Bwisya, siku ya gulio, zaidi ya watu mia mbili. Sisemi meli za sasa ni mbovu, nazipanda. Lakini mjamzito wa wiki ya 36, Jumamosi, watu wote wanakwenda harusini na kreti za soda? Hapana kijana wangu.

Mkerewe wa Nansio

Mzee shikamoo. Lakini kila uzi ukitaja Ukerewe lazima zipigwe hesabu za maiti. Sisi tunavuka kila wiki, tunasoma, tunauza machungwa, tunazaa. Karibu sana Kasia Moja, harusi ni mtaa gani? Ng'ombe mmenunua bei gani? Maana huku mwezi huu wamepanda.

Nesi Mstaafu

Mdogo wangu Kasia Moja, umejibu la jokofu, la presha umeliruka. Kadi iko humo ndani kwenu. Ifungue uniandikie namba.

Furu Mkavu

Nipo pale nimekaa.

Kasia Moja (mleta uzi), Alhamisi saa 3:40 usiku

Sawa nesi. Juzi ilisoma 142 kwa 94. Mkojo wakasema una protini kidogo. Wamemwandikia arudi Jumamosi asubuhi wampime tena.

Sikuandika mwanzo kwa sababu najua humu mngeacha swali langu mkaanza kutishana. Siku hiyo alikuwa ametembea juani na kukaa foleni, presha ya mtu yeyote ingepanda. Kichwa kinamuuma usiku lakini ni kwa kulala vibaya, godoro tumeshalifunga kamba. Pete ya ndoa aliitoa kwa sabuni, tukadhani ni joto. Hivi ninavyoandika yuko hapa anapinda sare za harusi na miguu kaiweka juu ya ndoo, amevaa ndala zangu maana zake hazimwingii, na anacheka. Mtu mgonjwa anacheka? Na kama meli ndiyo shida tunaweza kupita Bunda hadi Kisorya, kule maji ni kipande kifupi tu. Nansio nako kuna hospitali ya wilaya.

Nesi Mstaafu

Wanacheka, ndiyo. Nimewaona wakicheka saa kumi na saa kumi na mbili wako kwenye degedege.

Nisikilize. Presha kufika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na protini ipo kwenye mkojo, hiyo si ya jua. Inaitwa priklampsia, na ikiachwa ndiyo inaweza kuwa kifafa cha mimba. Mimba ya kwanza inaipata zaidi. Miguu kuvimba peke yake wajawazito wengi wanavimba. Vidole mpaka pete haitoki, na kichwa kuuma, hapo ni habari nyingine. Wodini watashusha presha, wakiona inabidi watampa magnesiamu kuzuia degedege, lakini kinachoimaliza ni mtoto kutoka. Ndiyo maana wanataka kumwona Jumamosi, waamue asubiri au asisubiri. Mimi hata Jumamosi naiona mbali. Muulize sasa hivi: anaona vimulimuli au ukungu machoni? Anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia? Kimojawapo kikiwepo chukua bajaji usiku huu, usingoje kupambazuke.

Mkerewe wa Nansio

Hapo nesi namuunga mkono, na mimi ndiye nilikuwa nakukaribisha. Kisorya kwenda Rugezi ni kifupi kweli, lakini kufika Kisorya umeshapita Magu, Lamadi, Bunda. Unamkwepesha ziwa unamzungusha barabara. Na usiku wa manane akizidiwa Nansio wakiandika rufaa ya Bugando, maji bado yako palepale.

Mama Kulwa na Doto

Na baada ya harusi mnarudi lini?

Kasia Moja (mleta uzi)

Mimi Jumatatu.

Mama Kulwa na Doto

Sijauliza wewe.

Kasia Moja (mleta uzi)

Yeye atabaki kwa mama. Mama anataka mjukuu wa kwanza azaliwe nyumbani, amemwandalia chumba na kuku wa supu anao. Mimi natoka asubuhi narudi usiku, Buhongwa hatumjui mtu, atakaa na nani? Tumekubaliana.

Mama Kulwa na Doto

Mmekubaliana nani na nani?

Kasia Moja (mleta uzi)

Mimi na mama.

Furu Mkavu

😂😂😂 Uzi huu usifungwe.

Mtumishi wa Nyasaka

Bwana asifiwe. Vijana wa leo mnaingia kwenye ndoa bila mafundisho. Mwanaume ni kichwa, lakini kichwa hakiachi mwili kwenye kisiwa. Mimi mke wangu alijifungua watoto wote watano bila presha kwa sababu tulikuwa tunaomba kila jioni.

Nesi Mstaafu

Mtumishi, waombee, ila mashine ya presha haiulizi dhehebu.

Mpekuzi Huru, Ijumaa saa 2:05 asubuhi

Nimeusoma uzi wote. Wakuu mnapoteza usingizi kwa chai, tena ya rangi. Mwanzo mke ni mzima wa afya, hapa katikati ana presha. Mwanzo meli, baadaye Kisorya. Jumamosi hiyohiyo kliniki, kuhama, na safari. Huyu jamaa yuko watatu? Na mtu mwenye hela ya ng'ombe ya ukoo mzima kwenye simu anakuja kuuliza jokofu lilale au lisimame? Subirini, sehemu ya pili itakuwa buku moja inbox.

Dalali wa Nyakato

Hata mimi nilihisi. Nyumba yenye choo ndani Buhongwa kwa haraka hivyo? Aliipata kwa dalali gani?

Furu Mkavu

Kama ni simulizi basi naomba mtoto azaliwe melini aitwe Nahodha.

Mzee wa Kirumba

Iwe ya kutunga isiwe ya kutunga, binti wa mtu mwingine anausoma huu uzi na vidole vimemvimba. Nesi endelea.

Mpekuzi Huru

Mzee heshima yako, ila aweke picha ya kadi, jina alifute, tuone.

Kasia Moja (mleta uzi), Ijumaa saa 7:30 mchana

Siweki kadi ya mke wangu humu kwa ajili ya kumridhisha mtu. Anayeona ni chai asinywe.

Nimemuuliza yale ya nesi. Vimulimuli anasema anaviona tangu Jumanne, hakuniambia kwa sababu alijua nitaahirisha harusi. Nimempigia mama, amesema wao walizaa bila mashine. Nimempigia bwana harusi, kanyamaza, halafu kauliza hela ya muziki. Natafuta mtu wa kukaa na vitu nyumbani ndipo tutoke.

Nesi Mstaafu

VITU VITAJIKALIA. Toka sasa hivi.

Mama Kulwa na Doto

Beba kadi, khanga, na chaja ya simu. Vifaa vingine utanunua palepale nje ya geti, wapo wanaouza.

Furu Mkavu

Kasia?

Furu Mkavu

Mkuu, utani pembeni. Mmefika?

Kasia Moja (mleta uzi), Jumamosi saa 3:20 asubuhi

Wakuu, amelazwa tangu jana. Walipompima ilisoma 160 kwa 104. Wamemchoma sindano, presha imeanza kushuka, mtoto moyo unadunda vizuri. Daktari anasema huenda wakamwanzishia uchungu leo au kesho, wanasubiri majibu ya damu. Amelala. Sare zote amemaliza kupinda isipokuwa ya kwangu.

Hela ya kamati nimemrushia bwana harusi yote, na risiti, kwa hiyo Mwenyekiti kama uko humu ulale. Mama yuko njiani anakuja na meli, na kuku.

Sasa shida yangu ni hii. Kirikuu kiko nje ya nyumba Igoma tangu saa kumi na mbili, dereva anasema kila saa anayosubiri naongeza elfu kumi, mpangaji mpya ameshaleta magunia yake mlangoni, na mimi siwezi kutoka hapa. Funguo ziko kwa jirani. Kuna mtu yuko karibu?

Mpekuzi Huru

Niko Igoma, stendi ya daladala hapa. Niandikie PM jina la jirani. Kitanda ni cha kufungua boliti au cha misumari?

Dalali wa Nyakato

Na mimi nakuja na vijana wawili, hakuna malipo. Jokofu lisimame.

Furu Mkavu

Kabati la milango mitatu unaliuza?