Naomba ushauri: Antminer S19 Pro iliyotumika au S21 mpya kwa uchimbaji wa bitcoin hapa Mafinga?

Wakuu, heshima kwenu. Ninakusudia kununua mashine moja ya kuchimba bitcoin na kuifunga hapa Mafinga, ambako baridi ya Juni na Julai ingepunguza kazi ya kuipoza, ingawa vumbi la mbao la mji huu ni adui wa feni yoyote. Kadi za grafiki nimeziondoa kwenye hesabu, kwa sababu tangu Ethereum, sarafu iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi hizo, iache uchimbaji Septemba 2022, sioni sarafu nyingine ya kurudisha gharama zake.

Kinachonitatiza ni umeme. S19 Pro hutoa terahashi 110 (terahashi moja ni majaribio trilioni moja ya hesabu kwa sekunde) kwa wati 3,250, yaani uniti 78 kwa siku, ilhali S21 hutoa terahashi 200 kwa wati 3,500, yaani uniti 84. Nikikadiria shilingi 350 kwa uniti, gharama ni takriban 27,300 dhidi ya 29,400 kila siku, tofauti ndogo mno kwa kazi inayokaribia kuwa maradufu. Hata hivyo, bei ya S21 pamoja na usafiri na ushuru ni mzigo mzito, na tangu Aprili 2024 malipo ya kila bloku (fungu la miamala ambalo mchimbaji hulipwa kwa kulikamilisha) yameshuka hadi bitcoin 3.125.

Naomba aliyewahi kuendesha mashine hizi Iringa, Njombe au Mbeya anieleze: je, mapato yanafidia umeme wa TANESCO, na umeme ukishuka nguvu jioni mashine huvumilia au huzimika? Je, bila umeme wangu mwenyewe wa maji au jua, niachane kabisa na mpango huu?