Mada: BuT (msaada wa Ujerumani wa elimu na shughuli za watoto) imekataliwa, mwalimu wa vayolini ni wa binafsi

Mama Neema, Jumanne usiku
Habari za jioni ndugu zangu, samahani kwa usumbufu. Neema ana miaka 9, anajifunza vayolini kwa dada mmoja Mjerumani anayefundishia sebuleni kwake, kila Jumatano nusu saa kwa euro 28. Shule ya muziki ya mji ilituweka kwenye foleni tangu mwaka juzi, hadi leo kimya. Tuko kwenye KiZ (nyongeza ya watoto kwa familia zenye kipato kidogo), hivyo niliomba BuT, ile euro 15 ya mwezi. Jana imekuja barua: mwalimu si mtoa huduma anayetambuliwa. Nikapiga simu, karani akasema fomu ile ni ya klabu na shule za muziki, si ya watu wanaofundisha nyumbani. Nina mwezi mmoja wa kuweka Widerspruch, yaani pingamizi. Naomba kujua kitu kimoja tu: niambatishe karatasi gani kutoka kwa mwalimu? Aliyewahi kupitia haya anisaidie.

Baba Tumaini
Pole sana mama. Sisi kwenye mpira hatujawahi kusumbuliwa. Klabu inagonga muhuri, unatuma, kila mwezi 10 yao inaingia. Mhamishie Neema uwanjani, vayolini yenyewe inalia kama paka.

Mzee Kondo
Baba Tumaini, 10 iliisha Agosti 2019. Sasa ni 15, na kama hukuomba nyongeza basi umewaachia. Halafu habari ya "klabu na shule tu" si kweli. SGB II (sheria ya misaada ya kijamii) aya ya 28, kifungu cha 7, inataja masomo ya sanaa, na mfano uliowekwa humo humo ni masomo ya muziki. Haikusema ukumbini wala sebuleni. Tusome kwanza ndipo tuandike.

Njeri, Köln
Mzee, mama amesema KiZ. SGB II ni ya watu wanaolipwa msaada na ofisi ya Jobcenter. Yake ni BKGG, sheria ya posho za watoto, aya ya 6b.

Mzee Kondo
Na hiyo 6b inampeleka wapi? Inamrudisha kwenye aya ile ile ya 28. Malizia kusoma, binti yangu.

Njeri, Köln
Sawa, nimesoma. Kwangu walitaka Führungszeugnis (cheti cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu) ya mwalimu wa piano, ile iliyopanuliwa. Akaleta. Wakasema imepitwa na wakati, akaleta nyingine. Ilipofika kijana wangu alikuwa ameshaacha piano, sasa anapiga ngoma. Kwenye meza. Ya kulia chakula.

Kijana wa Leipzig
Shikamooni wakubwa. Nadandia hapa hapa. Ni mwanafunzi, napiga kinanda kanisani, na kuna familia mbili zinataka niwafundishe watoto wao. Nina siku zangu 120 za kufanya kazi kwa mwaka, si ndiyo?

Mzee Kondo
Marahaba. Ni 140 tangu Machi 2024, au nusu siku 280. Lakini hizo ni za kuajiriwa. Kupita nyumba kwa nyumba ukifundisha ni kujiajiri, na hilo mpaka Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, wakupe ruhusa. Usipokee hata senti kabla ya hapo.

Baba Tumaini
Mnamtisha mtoto bure. Mimi nilipokuwa chuo nilifundisha Kiswahili miaka mitatu na hakuna aliyeniuliza.

Mzee Kondo
Ndugu yangu, hayo usiyaandike mbele ya watu wote hawa.

Bi. Mwana
Assalaam aleikum. Mie hizo BuT sizijui, wanangu wameshakuwa watu wazima. Ila kwetu Unguja ile ni fidla, hiyo vayolini ni yenu nyie wa bara. Ami yangu akipiga kwenye taarab, Ng'ambo. Akirudi usiku vumbi la ulimbo limemganda begani, jeupe kwenye koti jeusi, na sisi watoto tukilifuta kwa kidole tukidhani sukari. Mjukuu wangu wa hapa nae anajifunza. Likizo nikampeleka DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, akae asikilize. Kuna sauti moja ya maqam (mpangilio wa sauti wa Kiarabu) inakaa baina ya vidole viwili, si huku si kule. Akaishika vizuri, mashallah. Karudi huku, mwalimu wake anamwambia umekosea, sogeza kidole. Mtoto akamjibu, "Bibi yangu anasema ndipo penyewe." Nikacheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli.

Njeri, Köln
Bi. Mwana umenimaliza. Mama Neema, na jirani wa chini anavumilia? Wangu aligonga dari na ufagio. Nikamtolea hukumu ya BGH, mahakama ya juu ya Ujerumani, ya 2018, ya mpiga tarumbeta wa Augsburg: kama kipimo, kupiga saa mbili hadi tatu siku za kazi, moja hadi mbili Jumapili na sikukuu. Siku hizi ananisalimu kwa jina.

Baba Tumaini
Mngechukua pasipoti ya huku msingebabaishwa na makarani.

Mzee Kondo
BuT haiangalii pasipoti. Na Mtanzania akichukua ya huku, ya kwao inakwenda. Wajerumani wamefungua mlango wa uraia pacha Juni 2024, kwetu bado kufuli.

Njeri, Köln
Sisi tulifungua 2010, karibuni Kenya 😀

Baba Tumaini
Njeri usituanze. Mlivyopandisha kodi za kila kitu huko kwenu unamkaribisha nani?

Mama Neema, Ijumaa
Asanteni wote, nimecheka na nimejifunza. Mzee, nimeipata aya ya 28, nitainukuu. Ila karatasi ya mwalimu bado sijaijua: barua tu, namba ya kodi, au ile Führungszeugnis? Yeye mwenyewe hajui, anasema mimi ni wa kwanza kumwuliza. Zimebaki siku 27.

Bi. Mwana
Mwanangu, Neema anatumia fidla ya ukubwa gani? Ninayo ya nusu imelala tu uvunguni, mnaweza kuacha kulipia kodi ya hiyo mliyokodi.

Mama Neema
Shikamoo Bi. Mwana. Ni robo tatu. Ya nusu ilimtosha mwaka jana.