Kazi ya ofisini na sabuni ya mwani: hamu inaisha

Asalaam alaykum. Natoka kazini Mjini saa tisa na nusu, jioni natengeneza sabuni. Siku hizi nikifika nyumbani Fuoni sina hamu hata ya kupima mafuta. Mnamudu vipi?

— Wa alaykum salaam dada. Jioni usichanganye kabisa! Sabuni hukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuuzwa, basi Jumapili asubuhi moja kwa wiki yatosha. Kilo 1 ya mafuta ya nazi: kostiki soda (dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 174, maji gramu 350, unga wa mwani vijiko 2 vya chakula. Kostiki ndiyo itiwe kwenye maji; ukigeuza, itafoka. Mtu aliyechoka hukosea mizani, sabuni ikababua ngozi, na kumwaga mzigo mzima ndiko kunakovunja moyo.

— Jioni kata, funga, bandika lebo. Nusu saa, kisha lala. Pesa za sabuni ziweke laini nyengine ya simu. Zikichanganyika na mshahara huioni faida, utaacha tu.

— Masika wageni hupungua na unyevu huitoa sabuni jasho. Punguza hapo, upumzike. Julai maduka ya Mji Mkongwe yatataka mzigo, lakini ukiwapa mali kauli (wachukue sasa, walipe baadaye), andikianeni tarehe ya kulipwa.