Geogridi yangu (ule wavu wa plastiki wa kushikilia udongo) imeitwa chandarua mbele ya vibarua!

Wakuu, nimetoka saiti sasa hivi, buti bado zina matope. Yule bwana msimamizi mnamjua, asiyevua miwani ya jua hata ukungu wa Lushoto ukishuka. Leo kaokota geogridi yangu, kaikunjua mbele ya vibarua wote, kauliza: "Injinia, hapa unalaza nani, unakinga mbu?" Watu wakacheka mpaka Mombo wamesikia. Chandarua!

Tuta ni la mita 9, limesimama nyuzi 60. Udongo wetu mwekundu ukishiba masika hausimami hivyo kwa maombi. Nimekesha siku nne na hesabu: bila geogridi kipimo cha usalama kiko chini ya 1, yaani linashuka lenyewe. Nikilaza tabaka kila sentimita 60, nafika 1.4. Kila tabaka lazima livuke mstari wa mporomoko na kushika zaidi ya mita 1 nyuma yake, la sivyo linachomoka kama uzi kwenye sindano. Na kokoto za kutolea maji nimeziweka. Yeye anaona mbu!

Halafu kaamuru tabaka za geogridi zikatwe nusu, "pengine pote pandeni nyasi za vetiva." Vetiva naiheshimu, inashika ngozi ya mteremko. Lakini huu mporomoko unapita chini ya mizizi yake! "Unalaza nani?" Chini ya tuta kuna nyumba za watu, ndio hao!

Kokoto2: Pole mkuu, ila hata mimi ningedhani wavu wa kuku 😂

Mleta uzi: Wavu wa kuku unahimili kilonyutoni ngapi kwa mita? Watoto wanalala pale chini.

BintiShambaa: Huyohuyo alipita kwetu, kaziba mfereji, tope likaingia jikoni kwa bibi. Na vetiva yake ikiwa changa mbuzi waliimaliza.

FundiNondo: Mna bahati mna pa kuchekea. Sisi wiki ya tatu hatujaona hata ya chai.

Kokoto2: Wiki ya tatu? Mimi nadai tangu Pasaka.

Mleta uzi: Jamani, kesho asubuhi wanakata zile tabaka.

BintiShambaa: @FundiNondo msimamizi wenu ni yule mwenye pikipiki nyekundu? Mwambie bibi bado anasubiri hela ya sufuria.

FundiNondo: Ndiye! Kumbe na nyie?