"Hina nyeusi ya asili" HAIPO! Mnaowachora watoto wetu kanta ya nywele na kuiita majani, acheni!

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Siku mbili kabla ya Idd nilimpeleka binti yangu wa miaka 9 kuchorwa hina. Hapa hapa mtaani kwetu Dar, kwa dada mmoja anayeweka meza nje ya saluni kila msimu wa sikukuu. Kabla hajaushika mkono wa mtoto nilimuuliza, "Dada, hii ni piko?" maana piko ni ile rangi nyeusi ya kujichora inayotokana na kanta. Akanijibu bila kupepesa macho: "Piko kemikali, dada yangu. Hii ni hina nyeusi ya asili, imetiwa mnili na karafuu. Hata kichanga anapakwa." Nikalipa sh 5,000. Akachora ua zuri kweli, kuanzia kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo cha mkono. Dakika 20 likawa limekauka, tukaosha, mkono ukatoka mweusi tii.

Idd mosi mtoto alicheza, akala, akakusanya sikukuu yake kwa mashangazi. Idd pili usiku akaanza kujikuna. Siku ya nne ua lote lilikuwa limeinuka. Kila jani, kila kikonyo, kila nukta aliyoidondosha yule dada ilikuwa imevimba na kujaa maji, ungeweza kulifuata lile ua kwa kidole gizani. Katikati ya mistari, pale ambapo rangi haikugusa, ngozi ilikuwa salama kabisa. Siku ya sita malengelenge yakapasuka. Shuka linagandia mkononi, mtoto analia kila nikilibandua kwa maji ya uvuguvugu, kalamu hawezi kuishika.

Daktari wa ngozi aliuangalia ule mkono mara moja tu. Hakuniuliza kama mtoto amechorwa. Aliuliza, "Kachorwa lini?"

Sasa tuelewane kuhusu hina, kwa sababu wanaotuuzia huu uongo wanategemea kwamba tumesahau hina yenyewe ikoje.

Mimi ni mtu wa Tanga. Uani kwa bibi kulikuwa na mhina. Majani yanachumwa, yanaanikwa kivulini, yanatwangwa kwenye kinu, halafu yanachekechwa kwa kitambaa chepesi mpaka unga unakuwa laini kama poda. Jioni bibi anaukanda kwa maji ya ndimu, anaufunika, unalala. Asubuhi ukifunua bakuli unakuta juu pamegeuka kahawia, ukichimba na kijiko chini bado ni kijani. Hapo bibi anasema rangi imeshafunguka. Anatia matone machache ya mafuta ya mkaratusi, na chumba kizima kinanuka majani makavu yaliyonyeshewa mvua. Bi harusi alifungwa hina usiku kucha, mikono imezongwa vitambaa, analishwa kama mtoto. Akifunguliwa, viganja vina rangi ya karoti. Karoti kabisa! Wageni wa bara walikuwa wanasikitika wakidhani imeharibika. Kesho yake inakolea, keshokutwa inakuwa hudhurungi nzito, na hiyo ndiyo ilikuwa inapigiwa vigelegele.

Inakwenda hivyo kwa sababu kinachotia rangi ndani ya jani, kinaitwa lawsoni, kinashika ngozi taratibu na kuzidi kukolea kinapokutana na hewa. Jani kavu lina kiasi cha asilimia 1 mpaka 2 tu ya hiyo rangi. Ndiyo maana viganja na nyayo hukolea kuliko mahali pengine, ngozi ya huko ni nene. Ndimu yako, karafuu yako, chai yako ya rangi, vyote vitasaidia kukoleza tu. Hakuna hata kimoja kitakachoigeuza hina kuwa nyeusi kama wino ndani ya dakika 20.

Na mnili je? Mnili ni mmea wa kweli, na wanaotunza nywele kwa miti wanaujua: unapaka hina kwanza, unaosha, unapaka mnili juu yake, nywele zinatoka nyeusi. Ni kazi ya saa nyingi na ni ya nywele. Kwenye ngozi mnili huacha rangi ya buluu inayofutika baada ya siku chache. Yule dada alitaja mti wa kweli ili kufunika uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana anajua kabisa kwamba mtu kama mimi nikisikia jina la mti nalegea.

Kilichokuwa kwenye bakuli lake ni kanta. Rangi ya nywele. Ndani yake mna PPD, kirefu chake parafenilinidiamini, kemikali ya kiwandani. Umoja wa Ulaya unaruhusu isizidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapopakwa kichwani, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Marekani nako hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Hina nyeusi zilizowahi kupimwa katika maabara zimekutwa na zaidi ya asilimia 15. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani kiliitangaza PPD kuwa kisababisha mzio cha mwaka. Na hata huna haja ya kwenda mbali hivyo, chukua boksi la rangi ya nywele dukani usome: wanakwambia usipake kwenye nyusi, na ujaribu tone dogo siku mbili kabla ya kupaka kichwani. Halafu mtu anaichukua hiyo hiyo, anaikoroga nzito, anamchora mtoto mkono mzima!

Malengelenge yatapona. Kovu daktari anasema huenda likafifia, sasa hivi ua limebaki jeupe, kama limechorwa kwa chaki. Lakini mwili ukishaikataa PPD hausahau. Mwanangu akiwa na miaka 40 akataka kuficha mvi zake, rangi ya kawaida ya saluni inaweza kumvimbisha uso mpaka macho yafunge. Ametajiwa na vingine vya kujihadhari navyo: baadhi ya rangi za nguo nyeusi, baadhi ya vitu vya mpira mweusi, baadhi ya dawa za ganzi za kupaka. Ana miaka 9, ameanza kubeba orodha ya vitu vya kukwepa mpaka kaburini kwa sababu ya ua la sh 5,000.

Najua mtakachoniandikia hapo chini. "Mbona mimi nimepaka piko miaka kumi na sijadhurika?" Dada yangu, mzio huu mara nyingi hujengeka kimya kimya. Mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, ya tano ngozi inawaka. Kutodhurika kwako hadi leo si kinga ya kesho. "Mbona bibi zetu walipaka?" Bibi zetu walipaka hina. Ulizeni vizuri waliobaki, watawaambia walifungwa usiku kucha na mikono ikatoka myekundu. Na kuna atakayesema kosa ni langu mimi mzazi. Hilo nimeshajiambia kila usiku nikibadilisha bandeji. Lakini nilikuwa nimeuliza, nikajibiwa uongo.

Hilo la kichanga nalo lisipite. Hata hina halisi, ya mhina wa bibi, haifai kwa mtoto mchanga. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na huku kwetu kwenye malaria si wachache. Hina ikimwingia mtoto wa aina hiyo kupitia ngozi inaweza kupasua chembe nyekundu za damu mpaka akahitaji kuongezewa damu. Kuna mchoraji anayesimama barabarani akisema "hata kichanga" na hajui lolote kuhusu hayo.

Pale pale mezani kwake nilikuwa nimenunua na chupa ya "mafuta ya nazi asilia ya kukuza nywele". Baada ya haya yote nikaingiwa na shaka, nikaiweka kwenye friji usiku mzima. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, friji yoyote inayagandisha yakawa meupe na magumu. Hayakuganda. Asubuhi yalikuwa yanachezacheza ndani ya chupa vile vile. Basi ama yamechanganywa, ama kiwandani yameondolewa ile sehemu inayoganda, ama hayajawahi kuiona nazi. Kwenye lebo kuna picha ya nazi na neno ASILI kwa herufi kubwa. Orodha ya vilivyomo hakuna.

Kabla hujampa mtu mkono wako, au wa mwanao, angalia bakuli. Hina iliyokorogwa ina rangi ya kijani iliyofifia au kahawia, na inanuka majani. Ikiwa nyeusi tayari kwenye bakuli, ondoka. Ukiambiwa nusu saa inatosha, ondoka. Hina inataka saa nne na kuendelea. Ikibanduka ikaacha weusi badala ya rangi ya chungwa, kimbia ukaoshe kwa maji mengi na sabuni, na ngozi ikianza kuwasha nenda hospitali. Usipake limau, usipake shubiri, usipake mafuta ya habasoda juu ya malengelenge. Mimi siku ya kwanza nilipaka shubiri, nikapoteza muda ambao mtoto angekuwa ameshaanza dawa.

Wachoraji mlio humu ndani, wa Dar, Tanga, Mombasa, na nyie mnaowachora watalii ufukweni Nungwi na Paje: kama unatumia kanta, sema ni kanta. Mtu mzima akikubali, ameamua mwenyewe. Mtoto usimguse.

Idd el-Hajj inakuja na ile meza itarudi pale pale. Nimetunza picha za mkono kuanzia siku ya kwanza, cheti cha daktari ninacho, na ile chupa ya mafuta bado iko kwenye friji. Najua vipodozi vilihamishiwa TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, na Zanzibar viko ZFDA, wakala wao wa chakula na dawa. Nisichokijua ni malalamiko ya mchoraji wa mtaani, asiye na duka wala leseni, yanaanzia wapi: kwa afisa afya wa kata, au moja kwa moja TBS? Aliyewahi kulifuatilia jambo kama hili aniambie alianzia mlango upi na alitakiwa kwenda na nini. Naenda Jumatatu.